Madogo mnaotaka ubingwa wa moyo, anzeni na masikio

Wadogo zangu wa hapa Moshi mnaomaliza udaktari, wengi mnanifuata mnasema dokta mi nataka moyo, njia ikoje. Njia ndefu ila haina siri: chuo miaka 5, intani mwaka 1 (kazi ya mafunzo hospitalini), halafu umahiri wa magonjwa ya ndani usiopungua miaka 3, ndo unaanza ubobezi wa moyo wenyewe, na wengi hapo wanashuka Dar pale JKCI Muhimbili, yaani Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanza 2015. Jipange kwa ada na familia mapema. Hilo limeisha.

Ninalotaka mlijue ni hili, mashine ije baadaye. Nikiwa intani hospitali moja alikuja binti wa miaka kama 20, anakohoa usiku, pumzi inakata, faili limeandikwa pumu miezi kibao na pampu anayo mkononi. Nikafuata faili, nikamwandikia pampu nyingine. Wiki 2 baadaye karudi hoi, kumbe ana ujauzito, damu mwilini imeongezeka na moyo umezidiwa. Bosi wangu akamlaza ubavu wa kushoto, akaweka ule upande wa kengele wa stethoskopu chini ya titi, taratibu bila kukandamiza, akaniita sikiliza. Mngurumo mzito wa chini, kama lori linalopanda mlima kwa mbali. Valvu, ule mlango wa kupitishia damu ndani ya moyo, imesinyaa. Eko, ile ultrasound ya moyo, ilikuja kuthibitisha tu. Alijifungua salama, ila ile pampu niliyoandika bado inaniuma mpaka leo.

Na shida ilianzia utotoni, koo la bakteria ambalo halikutibiwa, kinga ya mwili ikageuka kushambulia valvu. Watu kama huyo wanapewa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, na inauma kwelikweli, ndo maana wanakimbia. Usimgombeze aliyekosa. Kaa naye, mweleze inazuia nini, muulize nauli ya kutoka Rombo anaipataje.

Halafu jifunze kuuliza. Ukimuuliza bibi wa Marangu "unaishiwa pumzi?" atakwambia hapana mwanangu, maana ameshazoea. Muulize, shikamoo bibi, kutoka barabara ya lami mpaka kihambani siku hizi unapumzika mara ngapi? Mwaka jana ulikuwa unapumzika? Usiku unalalia mito mingapi? Hapo utapata majibu ambayo hata eko haikupi.

Presha nayo tunaiharibu sana. Mgonjwa kapanda ngazi, kaketi sekunde 10, mnamfunga kafu, ule mkanda wa kupimia presha, juu ya sweta, inasoma 160 mnaanza dawa. Mwache apumzike dakika 5, miguu chini, mgongo uegemee, mkono usawa wa moyo, asiongee. Na mtu mnene anataka kafu kubwa, ndogo inadanganya kwa kupandisha namba.

ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ndo usiseme, nimeshaitwa saa 8 usiku kwamba mgonjwa moyo wake umekaa kulia, nikavaa koti nikaenda na baridi yote ile. Waya za mikono zilikuwa zimebadilishana. Ukiona lidi ya kwanza, ule mchoro wa I kwenye karatasi, imepinduka chini yote, kabla hujapiga simu rudi kitandani uangalie waya, na kulia ni kulia kwa mgonjwa, sio kwako wewe uliyesimama mbele yake.