Kabla hamjavuta kamba

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kusimamisha milingoti na nguzo hapa Goma, karibuni. Kijana akipata kazi yake ya kwanza, tuseme mlingoti wa antena ya intaneti kwenye parseli ya mtu kule Ndosho au Himbi, mara nyingi hunipigia simu kuuliza atafute watu wangapi wa kuvuta. Mimi humuuliza kwanza nyaya zake za kushikilia atazifunga wapi. Milingoti niliyoiona ikianguka haikuangushwa na uchache wa watu. Iliangushwa na nanga, yaani kile kinachoishika ncha ya waya ardhini: nanga iliyong'oka, au nanga iliyowekwa pasipo mahali pake.

Anzeni kwa kuijua ardhi yetu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikaishia Buhene, mlangoni mwa mji. Kwa hiyo parseli nyingi, yaani viwanja vya watu, ni mwamba mtupu, au mwamba uliofunikwa na udongo usiozidi kiganja. Anayetoka penye udongo mzuri hufurahi akiuona: jiwe gumu hivi, nanga itatoka vipi? Asifurahi mapema. Lava ina ganda gumu juu, na chini ya ganda pengine pana uwazi, au mawe mepesi yenye matundu yanayovunjika mkononi. Chukua mtaimbo, gonga, sikiliza. Mwamba mzima unaurudisha mtaimbo kwa nguvu na mlio wake ni mkali. Penye uwazi mlio unakuwa mzito, kama umegonga pipa. Gongeni eneo lote la nanga kwa hatua ndogo ndogo, si pigo moja na basi.

Mkipata mwamba mzima, toboeni shimo lililoinama kidogo kuupa mgongo mlingoti, halafu ondoeni vumbi lote. Vumbi ndilo linaloharibu nanga nyingi, kwa sababu saruji inashika vumbi badala ya jiwe. Mimi napuliza kwa pampu ya baiskeli, naosha kwa maji, napuliza tena. Kisha nondo nene yenye kitanzi, saruji laini, na siku saba bila kuigusa. Mwenye parseli atakuharakisha. Mwambie kwa heshima, "Papa, saruji haijashika," na usianze. Siku ya nane ivute nanga kwa winchi ya mkono, kile chombo cha kuvutia kamba, zaidi ya mzigo itakaoubeba, ukiwa umechora mstari wa chaki pale nondo inapoingia kwenye jiwe. Mstari ukisogea hata unene wa ukucha, nanga hiyo haifai. Penye ganda la uwongo msitoboe kabisa. Vunjeni ganda, chimbeni, lazeni chuma au gogo lililotiwa dawa likiwa limekingama na waya, mjaze mawe na zege juu yake.

Sasa niwaambie lililonipata mwaka wangu wa tatu kazini, maana nyaya zile nilizifunga mimi.

Ulikuwa mlingoti wa bomba, mita 12, wa kuinuliwa ukiwa mzima juu ya bawaba. Upande wa kushoto tulikuwa na nanga nzuri, sawasawa na bawaba. Kulia parseli ilikuwa imebana, ukuta uko karibu, ila palikuwa na mti wa parachichi mnene. Nikaufunga waya kwenye mti. Mti ulikuwa mbele ya mstari wa bawaba kwa mita moja na nusu, upande wa winchi. Nikauvuta waya ukakaza vizuri, mlingoti ungali umelala. Tukaanza kuinua. Ulipofika nusu ya safari niliona waya wa kulia umelegea kama urefu wa mkono hadi kiwiko. Nilidhani kitanzi kimeteleza. Hakikuteleza. Mlingoti ukipanda, kilele chake kinasogea kuelekea winchi, yaani kinausogelea mti, na waya unabaki mrefu kuliko nafasi yake. Kabla kapita, msimamizi wetu, hajasema simama, upepo kidogo ulitoka ziwani, mlingoti ukaegemea kushoto, bawaba ikajipinda, na bomba likalala juu ya mabati ya jiko la jirani. Mama mwenye jiko alikuwa ametoka dakika chache kabla kwenda bombani. Miaka imepita, na bado namwona akirudi na bidoni lake la maji, akisimama mlangoni, akiangalia bomba lile limelala juu ya masufuria yake.

Sheria yenyewe ni fupi. Nanga mbili za pembeni zikae kwenye mstari mmoja na pini ya bawaba, na kimo chao kiwe sawa na cha pini. Hapo waya wa pembeni haubadiliki urefu tangu mlingoti umelala mpaka unasimama. Nanga ikiwa mbele ya mstari, upande wa winchi, waya unalegea. Ikiwa nyuma, upande wa kilele kilicholala, waya unakaza mpaka kitu kikatike. Ikiwa juu kuliko bawaba, unalegea tena, na ardhi ya lava haiko sawa hata kidogo. Vuteni uzi kutoka nanga hadi nanga upite juu ya pini. Kimo pimeni kwa mpira wa maji wa waashi, ule unaoonyesha maji ndani. Nanga ikikataa kukaa panapotakiwa, wekeni mtu mwenye akili pale, waya umepita kwenye winchi yake, awe analegeza au kukaza kila mlingoti unapopanda. Au hamisheni bawaba. Nyaya nne kwenye pembe nne za mraba ni rahisi zaidi kwa namna hii ya kuinua kuliko tatu: mbili pembeni, moja nyuma, moja mbele. Kutoka kitako cha mlingoti hadi nanga msishuke chini ya nusu ya urefu wa mlingoti. Mimi hupenda mita 8 kwa mlingoti wa mita 12.

Kuhusu kuvuta, hesabu ni muhimu kuliko misuli. Tuseme bomba la mita 12 lina kilo 60, na uzito wake unakaa mita 6 kutoka kwenye bawaba. Ule mkono wa kuinulia, unaosimama kwenye bawaba na kuipitisha kamba juu yake, ukiwa wa mita 5, na winchi iko mita 10 mbele, kamba inabeba kama kilo 80 mlingoti unapoachana na ardhi. Ufupisheni mkono uwe mita 2, kamba ile ile itabeba zaidi ya kilo 180. Na antena ya kilo 10 kileleni, kwa mkono wa mita 5, inaongeza karibu kilo 27. Mzigo mkubwa kabisa uko mwanzoni. Kwa hiyo inueni nusu mita, simameni, mzunguke mkague kila kifundo na kila nanga. Kama kuna kitu kibovu, kinajionyesha hapo, na mlingoti bado uko kimo cha goti.

Mlingoti ukipita nyuzi 70 kutoka ardhini hatari inageuka. Winchi haina kazi kubwa tena, na mlingoti unaanza kutaka kwenda wenyewe upande wa winchi. Anayeushikilia ni mtu wa waya wa nyuma, kamba yake imezungushwa kwenye nanga mara mbili au tatu, anaiachia kidogo kidogo. Mtu huyu msimchague wa mwisho. Sauti ya kuamuru iwe moja, ya kapita, lakini neno "simama" ni la kila mtu, hata kijana wa kubeba maji.

Vibanio vya waya: vitatu kila kitanzi kwa nyaya hizi ndogo. Tandiko la kibanio likae kwenye waya unaobeba mzigo, na kile chuma cha umbo la U kibane ncha iliyokatwa. Ukigeuza, U inauponda waya unaobeba.

Nguzo za mikaratusi za umeme zina njia yake. Kina cha shimo ni sehemu ya kumi ya urefu ukiongeza nusu mita: nguzo ya mita 9 inaingia mita 1.4, ya mita 12 inaingia mita 1.7. Kwenye mwamba mzima mhandisi anaweza kukubali pungufu, lakini aseme yeye. Upande mmoja wa shimo chongeni mteremko, upande wa pili simamisheni ubao mzito ili kitako kiteleze juu yake bila kuchimba ukuta wa shimo. Inueni kwa miti yenye panda, mifupi kwanza na mirefu baadaye, na asiondoke mtu wa panda kabla mwenzake hajashika. Kwenye kujaza ndiko vijana wanakoharibu: sepetu tatu na wa kushindilia mmoja. Geuzeni. Anayejaza awe mmoja, wanaoshindilia wawe wawili, kwa tabaka za sentimita 20. Mawe ya lava yana kingo kali, yanabanana vizuri, yapangeni kitakoni na tena karibu na uso wa ardhi.

Minara ya vipande, ile ya kupanda na kupandisha kipande juu ya kipande, msiianze bila mtu aliyeifanya. Mkanda wa mwili wenye kamba mbili, moja imefungwa kila wakati, na chini pasisimame mtu.

Kabla ya yote, tazameni juu. Mlingoti ukianguka upande wowote, je, unafika kwenye waya wa umeme? Kama unafika, umeme ukatwe na wenye laini kabla hamjainua, au mtafute mahali pengine. Fanyeni kazi asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani, na mchana wa mvua si wakati wa kushika bomba refu. Waya wa shaba wa kupeleka radi ardhini nao unasumbua hapa, kwa kuwa mwamba haupitishi umeme vizuri. Fimbo moja iliyogongwa kwenye lava haitoshi. Chimbeni mfereji, lazeni shaba ndefu, mjaze udongo mweusi ulioletwa kwa chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao, na muunganishe fimbo kadhaa.

Mkimaliza, pimeni kwa timazi kutoka pande mbili zinazokutana kama kona ya nyumba. Halafu rudini baada ya wiki moja, hata kama mmeshalipwa, kwa sababu waya mpya unanyooka na vibanio vinalegea. Njooni na spana na timazi, mkaze nyaya zinazotazamana kwa zamu, na mtazame tena ile mistari ya chaki.