Mshauri wa maadili ya tiba hufanya nini wodini, na mtu hufikaje kuwa profesa wa fani hiyo?

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi ni muuguzi mwenye shahada, nafanya kazi katika wodi ya wanaume ya hospitali moja wilayani Rungwe. Mwezi uliopita tulimpokea mzee mwenye saratani ya umio, na mwanawe mkubwa akatuzuia tusimwambie ugonjwa wake. Daktari alikubali, mimi sikuridhika, lakini sikujua pa kulipeleka jambo lile. Nasikia wapo maprofesa ambao kazi yao ni kushauri katika mambo ya namna hii. Naomba kujua wanaifanyaje hasa, inatofautianaje na kamati inayopitisha tafiti, na mtu kama mimi aanzie wapi.

JIBU: Marahaba, na pole na kazi. Nianze na kamati ya utafiti, kwa kuwa mkanganyiko huo ni wa wengi na hauchukui muda kuuondoa. Kamati ya maadili ya utafiti, kama ile iliyopo hapa Mbeya katika kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), hupitia andiko la mtafiti kabla hajamgusa mshiriki hata mmoja, ikiangalia hatari, faida, fomu ya ridhaa na namna taarifa zitakavyotunzwa. Mshauri wa maadili ya tiba huitwa mgonjwa akiwa tayari kitandani, ndugu wamejaa koridoni, na pengine jibu linatakiwa kabla ya raundi ya kesho asubuhi. Mjumbe hodari wa kamati ya utafiti anaweza kuwa mshauri dhaifu wodini, na nimewaona wa namna hiyo.

Kazi hii ina historia fupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mjini Seattle, Marekani, mashine za kusafisha damu zilikuwa chache kuliko wagonjwa wa figo, ikaundwa kamati ya raia saba kuchagua nani aingie na nani aachwe. Waliwapima wagonjwa kwa kazi, ndoa na hata kwenda kanisani, na watu walipojua, walishtuka. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey iliwaruhusu wazazi wa binti aliyeitwa Karen Ann Quinlan kumwondolea mashine ya kupumulia, na ikapendekeza kamati ya maadili ya hospitali ihusishwe katika maamuzi kama hayo. Wanafunzi wangu huwa wanasahau sehemu ya mwisho ya kisa hicho: mashine ilipoondolewa binti alipumua mwenyewe, akaishi hadi 1985. Huwa nawaambia waikumbuke kila daktari anaposema kwa uhakika kwamba mgonjwa hafiki Ijumaa.

Sasa tuje kwa mzee wako. Kisa chake nakifahamu kwa sababu nimekutana na visa vingi vinavyofanana nacho. Nitakueleza kimoja, nikiwa nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulike. Niliitwa na daktari wa zamu aliyeniambia kwa simu kwamba tatizo ni "familia sumbufu": mwana hataki baba yake aambiwe kwamba ana saratani. Jambo la kwanza mshauri hufanya ni kutolikubali jina ambalo mgogoro umeshapewa. Nilisoma faili lote, pamoja na maelezo ya wauguzi wa usiku ambayo madaktari huyaruka, na humo nikakuta muuguzi ameandika kwamba mgonjwa aliuliza mara mbili kama atarudi nyumbani kabla ya mvua. Kisha nikazungumza na daktari, nikazungumza na mwana, na baada ya hapo nikaomba kukaa na mzee mwenyewe.

Mzee alizungumza Kinyakyusa zaidi ya Kiswahili, na aliyekuwa akimtafsiria tangu alipolazwa ni mjukuu wake wa kidato cha pili. Nilimwomba muuguzi mwenyeji wa Tukuyu achukue nafasi hiyo, ndipo ikabainika kwamba kila daktari aliposema saratani, mjukuu alikuwa akisema kidonda. Sikumlaumu mtoto, maana alikuwa amebebeshwa mzigo usio wake. Hata hivyo ridhaa ya kipimo cha kamera iliyokuwa imesainiwa siku mbili kabla ilikuwa ridhaa ya jambo ambalo mgonjwa hakuelezwa.

Sikumwambia mzee ana nini, kwa kuwa hiyo ni kazi ya daktari wake. Nilimuuliza tu: ungependa kujua kiasi gani kuhusu ugonjwa wako, na ungependa nani awe nawe tunapozungumza? Alinyamaza kidogo, akasema watoto wake wanadhani hajui. Anachotaka ni kujua kama atawahi kugawa shamba la chai ili wasije wakagombana. Yule mwana aliyekuwa akituzuia ndiye aliyemtaja awepo. Hapo mgogoro wote uligeuka sura: mwana alikuwa anamlinda baba dhidi ya habari ambayo baba alikuwa ameshaibeba peke yake. Kama mzee angejibu kwamba mambo hayo azungumziwe mwanawe, hilo nalo lingekuwa uamuzi wake, nasi tungelazimika kuliheshimu. Kosa katika wodi yenu, kwa jinsi ulivyoeleza, ni kwamba hakuna aliyemuuliza.

Kitaalamu tuna chombo kinachotumika sana, kilichoandaliwa na Jonsen, Siegler na Winslade mwaka 1982, cha kupanga kisa katika mafungu manne: hali ya kitabibu, matakwa ya mgonjwa, ubora wa maisha yake, na mazingira yanayomzunguka, yakiwemo familia, fedha na sheria. Fungu la pili halijazwi mpaka umepima uwezo wa mgonjwa wa kuamua: je, anaelewa anachoambiwa, anatambua kwamba kinamhusu yeye, anaweza kulinganisha njia zilizopo, na anaweza kueleza chaguo lake? Uwezo huo hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja. Mgonjwa anaweza kushindwa kupima faida na hasara za upasuaji mgumu, na bado akaweza kabisa kusema nani amsemee.

Baada ya hapo mshauri huitisha kikao, anaandika ushauri wake na sababu zake kwenye faili, na hurudi kuona kilichotokea. Anashauri, haamuru, dhamana ya tiba hubaki kwa daktari anayemtibu mgonjwa. Kwa mzee yule, daktari alizungumza naye mbele ya mwanawe, na tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ikaanza wiki hiyo hiyo.

Kuhusu kufika huko, shahada yako ya uuguzi ni msingi mzuri, wala usiamini anayekwambia kwamba fani hii ni ya madaktari na wanafalsafa pekee. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinatoa shahada ya uzamili katika maadili ya tiba, na hapo ndipo ningekuelekeza kwanza. Ukitaka uprofesa utahitaji uzamivu, kisha ngazi za kawaida za chuo: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ngazi hizo hupandwa zaidi kwa makala zilizochapishwa, na hapa nina kinyongo changu kidogo: katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, usiku niliokaa wodini na familia haukuhesabiwa popote, ilhali makala moja ya kurasa nane ilihesabiwa. Panga muda wako ukilijua hilo, lakini usiiache wodi. Hata Marekani, ambako chama cha wataalamu wa fani hii (ASBH) kilianza kutoa cheti cha ushauri mwaka 2018, mtahiniwa hutakiwa kuwa na saa 400 za kazi ya maadili ya tiba katika miaka minne kabla ya mtihani. Usitarajie pia kukuta tangazo la ajira lenye jina la kazi hii; wengi wetu tuliingia kama walimu au watoa huduma, ushauri ukaja juu yake.

Wakati unasubiri nafasi ya masomo, anza na daftari. Kila kisa kinachokunyima usingizi kiandike bila jina, bila kijiji na bila namba ya kitanda: nani alitaka nini, nani hakuulizwa, nini kiliamuliwa. Na kama mzee wako bado anakuja kliniki, mwombe daktari wenu ruhusa ya kumuuliza swali lile, na mtafute mkalimani ambaye si wa familia.