Msofisti si mwanafalsafa, na kocha pia siye

Swali: Natafsiri insha kuhusu maandishi ya Kigiriki ya kale yanayowahusu wanafalsafa na walimu wa dini. Neno "sophistes" linanitesa. Mwenzangu mmoja anasema niandike "mwanafalsafa" kwani wote ni walewale. Mwingine anasema ni "sufii", maana maneno yanafanana. Niandike lipi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Sufii tumwondoe mapema. Wanazuoni wengi hulirejesha neno hilo kwenye sufu, hii hii ya kufumia sweta, kwa sababu ya mavazi ya wacha Mungu wa zamani. Mwanazuoni Al-Biruni, katika karne ya 11, alilihusisha na Kigiriki, ila wazo lake halikushika. Sophistes limetokana na sophos, mjuzi. Falsafa ni philosophia, kupenda hekima, na sisi tumeipokea kupitia Kiarabu. Hayo yatosha.

Aliyeniudhi ni mwenzako wa kwanza. Walewale? Plato alihangaika miaka na miaka kuonyesha kwamba si walewale! Wasofisti, walimu wa ufasaha na hoja, walifundisha kwa malipo, na katika mazungumzo mojawapo ya Plato msofisti Hippias anajisifu kwamba huko Sicily alivuna zaidi ya mina 150, fedha za Kigiriki, kwa muda mfupi. Socrates, mwalimu wa Plato, hakutoza mtu. Mwaka 423 KK Aristophanes, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha, alimweka Socrates jukwaani kama msofisti wa kufundisha vijana kushinda kesi kwa hila. Katika utetezi ulioandikwa na Plato, Socrates anautaja mchezo huo miongoni mwa mambo yaliyowajaza watu chuki dhidi yake. Mwaka 399 KK akanyweshwa sumu. Msofisti na mwanafalsafa wakichanganywa, kisa kizima kinapotea.

Lakini namwelewa mwenzako alipopotelea. Neno falsafa tumelichakaza wenyewe. Washa redio siku ya mechi: "Kocha mpya amekuja na falsafa yake ya kushambulia kupitia pembeni." Hiyo ni mbinu! Dakika ya 60 anamtoa kiungo, anaingiza beki, na mtangazaji anatuambia kocha "amebadili falsafa". Falsafa gani hiyo ya kubadilishwa kwa kuinua kibao cha namba kando ya uwanja? Timu ikifungwa mabao matatu, wachambuzi wanasema "wachezaji bado hawajaielewa falsafa ya mwalimu", kumbe mabeki walichelewa kurudi. Semeni walichelewa kurudi. Tuna mbinu, mtindo, mfumo, mkakati. Maneno manne, yote mazima, yanakaa benchi msimu mzima huku falsafa ikichezeshwa kila nafasi.

Na si mpira tu. Kampuni inaandika ukutani "Falsafa yetu: mteja kwanza". Hiyo ni kaulimbiu. Mtu anasema "falsafa yangu sili usiku". Hayo ni mazoea, na pengine ni mazuri, lakini ni mazoea. Falsafa ina hoja. Inauliza kwa nini, inajibu, na inakubali kubishiwa. Ujamaa wa Nyerere nauita falsafa bila kusita, kwa sababu una hoja juu ya utu, usawa na kazi, na unaweza kukaa nao ukaupinga aya kwa aya. Yule Daktari wa Falsafa aliyebobea katika udongo namwachia, cheo chake ni cha urithi wa vyuo, na isitoshe shahada yake tumeshaipa jina letu zuri, uzamivu. Kocha simwachii.

Sasa tafsiri yako. Kwa Plato, andika msofisti, na ufafanue mara moja pale mwanzo. Kwa Philostratus, aliyeandika maisha ya wasofisti katika karne ya 3 BK, hali ni nyingine. Kwake jina hilo ni la heshima: Polemo wa Smyrna, Herodes Atticus, watu waliojaza kumbi kwa ufasaha wao. Hawa ni walumbi! Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaujua ulumbi, ufundi wa kusema mbele ya watu, wanautahiniwa, kisha wakikua wanakwenda kuazima neno kwa Wagiriki. Andika "msofisti, yaani mlumbi na mwalimu wa ulumbi", na msomaji wako atamwona mtu amesimama mbele ya hadhira.

Kwa walimu wa dini utahitaji sikio. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 BK, anamwita Yuda wa Galilaya sophistes mwenye madhehebu yake mwenyewe. Hapo "mwalimu" linabeba mzigo. Lakini Lucian, mwandishi wa kejeli wa karne ya 2 BK, akiwakejeli Wakristo katika kitabu chake juu ya mtu aitwaye Peregrinus, anamtaja Yesu kuwa yule "msofisti aliyesulubiwa". Hapo usilainishe kwa kuandika mwalimu, na mwanafalsafa ndiyo usiliguse kabisa. Lucian alikusudia kutusi. Andika msofisti, tusi lisikike kama alivyolitoa.