Nusa Kwanza, Ndipo Uwashe

Wadogo zangu mlioanza kazi ya matangi ya samaki wa maji ya chumvi mwaka huu,

Juzi stima ilipotea Nyali usiku wa manane, ikarudi saa moja asubuhi. Nilipofika kwa mteja nilimkuta mmoja wenu amepiga magoti mbele ya kabati, kidole kiko juu ya swichi ya kanista, lile chujio la mkebe uliofungwa. Nilipiga ukelele hadi mwenye nyumba akatoka mbio. Kijana, niwie radhi kwa sauti ile. Kukuzuia sijutii. Sababu iko katika nambari ya nne, na ndiyo iliyonifanya niandike. Mengine mnayajua tayari, mnayasahau tu mkiwa na haraka.

1. Soksi za kuchujia maji zibadilishwe kila siku ya tatu, zisipite ya nne. Uchafu uliokaa kwenye soksi bado umo ndani ya maji, unaoza na kuzaa nitreti, hata kama huuoni tena kwenye tangi. Geuza soksi nje ndani, piga maji kwa nguvu, iloweke kwenye maji yenye jiki kidogo, suuza sana, kisha anika juani mpaka harufu iishe kabisa. Sabuni hapana. Sabuni ya unga hapana, na ile mnayoiita "kidogo tu" pia hapana.

2. Skima, chombo cha kutoa uchafu kwa povu: safisha shingo. Naona wengi mnamwaga kikombe, mnakisuuza, mnarudisha, na shingo imebaki na utando wa mafuta wa kahawia. Povu hupanda kwa kushika ukuta wa shingo. Ukuta ukiwa na mafuta, povu linavunjika njiani na uchafu unarudi tangini. Kitambaa safi, kila siku ya pili, dakika mbili zinatosha. Tena vueni mafuta mikononi. Kuna dada mmoja hodari sana katika timu yetu aliyehangaika siku nzima na skima iliyokataa kutoa povu. Akafungua vali, akabadilisha mpira wa hewa, akachokoa chumvi kwenye tundu la hewa kwa sindano, wapi. Jioni ndipo nilipomsalimia kwa mkono, nikasikia mafuta ya nazi. Alikuwa ametoka kusuka nywele za mwanawe asubuhi ile. Kesho yake povu lilipanda lenyewe.

3. Pampu zivuliwe kila baada ya miezi mitatu, impela, kile kipanga cha ndani kinachosukuma maji, iloweke kwenye siki na maji nusu kwa nusu, au ndimu ya unga, usiku mmoja. Mhimili wa kauri ni mwembamba kama njiti: usiuvute kwa koleo. Na kile kitundu kidogo kwenye bomba la kurudishia maji, kile cha kukata mvuto unaorudisha maji chini stima ikizima, kichokoeni kila wiki, kwa maana mwani wa chokaa hukiziba. Mkimaliza, zimeni pampu kwa makusudi mkiwa mmesimama hapo, muone maji yanaishia wapi kwenye sampu, lile tangi dogo la chini. Ni heri sampu ifurike mbele ya macho yako kuliko kwenye zulia la mtu saa nane za usiku.

4. Kanista.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini. Hoteli moja ya pwani ilikuwa na tangi la lita 1,200 mapokezi, lisilo na nafasi ya sampu, kwa hiyo lilitegemea mawe hai, yaani mawe ya bahari yenye bakteria, na kanista mbili kubwa. Jumamosi moja jioni, kukiwa na harusi, kiungo cha mpira wa kanista moja kikaanza kuvuja. Nilifunga vali zote, nikazima, nikapangusa sakafu, nikasema nitakuja na kibano kipya asubuhi. Kanista niliiacha imejaa maji, sponji zake zina uchafu wa wiki tano. Ilikuwa saa nne usiku.

Asubuhi nilifika saa tatu na nusu. Nikafunga kibano, nikafungua vali, nikawasha. Kifuniko sikukifungua.

Maji yaliyotoka yalikuwa ya kijivu, yakaja mengine meusi, kama moshi. Halafu harufu: mayai viza, mapokezi mazima. Mnachotakiwa kukijua ni kwamba wakati huo bado ningeweza kuokoa wengi. Swichi ilikuwa karibu na goti langu. Lakini nilijiambia ni vumbi la sponji, litapita. Nikasimama nikitazama, dakika tano, labda saba.

Wa kwanza walikuwa kangaja wawili wa buluu. Rangi yao ilizimika kuanzia usoni, ikawa majivu, mashavu yanapiga haraka haraka, mmoja akalala ubavu juu ya jiwe na pezi moja linaendelea kupunga. Kamba msafishaji akarukaruka, akatulia. Ndipo nilipozima. Nikampigia fundi aliyenifundisha kazi. Alikuja na madumu ya maji ya bahari, akabadilisha karibu nusu ya tangi, akatia kaboni mpya, akaweka pampu za hewa kila kona. Alipomaliza aliifungua ile kanista, akatia mkono, akatoa sponji moja nyeusi tititi na kunipa niishike. "Hii ilikuwa hai jana, mwanangu. Umeifungia bila hewa."

Hivyo ndivyo ilivyo. Bakteria wanaokula amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, wanahitaji oksijeni saa zote. Maji yakisimama ndani ya kanista chafu, oksijeni inakwisha upesi. Wale wanakufa, wanaochukua nafasi ni wale wasiohitaji hewa, ambao huichukua salfeti, aina ya chumvi, na kuigeuza haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye ile harufu ya mayai viza. Maji ya bahari yana salfeti karibu gramu 2.7 kwa lita, kwa hiyo malighafi haiwaishii. Hii ndiyo sababu kanista ya maji ya chumvi iliyolala ni hatari kuliko ya maji baridi, yasiyo na chumvi.

Samaki kumi na saba, walikufa kumi na mmoja. Kitatange mmoja aliishi hadi Jumatano.

Nami nilimwambia meneja ni stima. Kulikuwa na kukatika kwa dakika chache usiku ule, nikalitumia hilo. Kwenye daftari niliandika: "Stima ilipotea, samaki wamekufa." Aliamini. Mwaka uliofuata nilihamishiwa matangi mengine, na kijana aliyenirithi akaizima kanista ileile usiku kucha, akaiwasha asubuhi. Alisoma daftari langu lote kabla ya kuanza kazi, nalijua hilo kwa sababu aliniambia mwenyewe, na humo hamkuwa na neno moja la kumwonya. Aliacha kazi hii. Alikuwa na jicho zuri la samaki.

Basi: kanista ikizimika zaidi ya saa moja, fungua kifuniko, nusa, mwaga maji yote, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, jaza upya, ndipo uwashe. Hata kama mteja amesimama nyuma yako anataka kuona maji yakizunguka.

5. Kwa sababu hiyohiyo, sponji na vigae wanamokaa bakteria visioshwe kwa maji ya mfereji, yana klorini. Wala msioshe vyote siku moja ili bosi avikute vyeupe. Nusu leo, nusu baada ya wiki mbili. Bakteria wakipungua ghafla amonia inapanda, na kwa pH ya 8.2 amonia ni sumu kali kuliko kwenye maji baridi.

6. Maji yaliyopungua kwa mvuke hujazwa na maji baridi yaliyosafishwa, si ya bahari, kwa maana chumvi haipai. Maji ya bahari ya kubadilishia tukachote bamvua likijaa, upande wa bahari kuu. Masika msichote karibu na mkondo: maji yake ni matope na chumvi imeshuka. Pima chumvi ya kila dumu kwa uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu: 1.025.

7. Daftari. Andika ulichofanya, saa ngapi, na ulichokosea, kwa jina lako. Anayekosea na kuandika sitamfokea, na meneja akija juu nitasimama naye. Vifuniko vyote vya kanista nimeviandika kwa kalamu nzito NUSA KWANZA, isipokuwa viwili vya Diani ambavyo sikuvifikia. Atakayekwenda huko Alhamisi achukue kalamu kwenye droo yangu. Jumatatu nitapita kusoma madaftari, la kila tangi.