Vilima Saba vya Roma: Usivipande Kama Nilivyovipanda Mimi

Nilikulia Mwanza, kwa hiyo mtu akitaja kilima najua anachosema: mawe, jasho, na nyumba zimeng'ang'ania juu kama mbuzi. Ndiyo maana siku ya kwanza Roma nilijiona nimetapeliwa. Nilitoka stesheni ya Termini asubuhi, orodha ya vilima saba mfukoni, ndala miguuni, nikiapa kuvimaliza vyote kabla ya jua kuzama. Cha kwanza, Viminale, nilikitafuta karibu saa nzima. Mwishowe nikamuuliza bibi mmoja aliyekuwa na mbwa wake. Akanitazama, akaelekeza kidole chini, kwenye ndala zangu. Nilikuwa nimesimama juu yake.

Usicheke, na wewe yatakukuta. Hata Palatino, kilima palipoanzia yote, kimeinuka mita 40 hivi tu kutoka bondeni. Halafu kwa zaidi ya miaka 2,500 watu wamekuwa wakijaza mabonde vifusi na kuchonga miinuko. Mwinuko wa Velia ulichongwa enzi za Mussolini ili ipite barabara yake ya magwaride, iliyofunguliwa 1932. Kwa hiyo macho hayatakusaidia sana. Sikiliza magoti.

Ushauri wangu mkubwa: anzia chini. Shuka treni ya chini ya ardhi kituo cha Circo Massimo, uingie katikati ya uwanja ule mrefu wa majani, zamani ulikuwa wa mbio za magari ya farasi. Ukielekea mtoni Tiber, Palatino kiko kulia, Aventino kushoto. Hadithi inasema ndugu mapacha waliotaka kuanzisha Roma waligawana vilima hivyo, Romulus akasimama kile cha kulia na Remus cha kushoto, mwaka 753 KK, wakingoja ishara ya ndege. Remus aliona tumbusi sita, Romulus kumi na wawili. Ugomvi ukazuka, Remus akauawa. Mimi nilidhani walikuwa mbali. Kumbe wangeweza kupigiana mbinja!

Hadithi ni hadithi, lakini mwaka 1948 wachimbuaji walikuta juu ya Palatino mashimo ya nguzo za vibanda vya Enzi ya Chuma. Ukiwa bondeni utaelewa kwa nini watu walijenga juu: huku chini palikuwa kinamasi, na mto ukifurika unakufuata mlangoni. Foro yenyewe, uwanja mkuu wa mji wa kale, ilikauka baada ya kuchimbiwa mfereji, Cloaca Maxima. Baadaye watawala walihamia Palatino, wakajenga makasri, na Waitaliano mpaka leo wakisema "palazzo" wanataja jina la kilima hicho. Tiketi ya Colosseum inakuingiza huko pia. Usiitupe ukitoka, kama nusura niitupe mimi.

Aventino ni bure. Kuna bustani ya michungwa, na karibu yake lango la Mashujaa wa Malta, shirika la kale la Kikatoliki, ambapo unapanga foleni uchungulie tundu la ufunguo. Unainama, unafumba jicho moja, na kuba la kanisa la Mtakatifu Petro, kule Vatican, linakaa mwisho wa kichochoro cha majani kana kwamba limepimwa. Na kabla hujaniletea Ufunuo 17, yule mwanamke aketiye juu ya milima saba ambaye wengine humhusisha na Vatican: kilima cha Vatican hakimo katika saba hivyo. Kiko ng'ambo ya mto.

Campidoglio kiache hadi jioni. Panda ngazi pana za Michelangelo, usigande kwenye sanamu ya farasi (ile ya nje ni nakala), zunguka nyuma ya jumba la manispaa uitazame Foro kutoka juu. Quirinale kuna ikulu ya rais, Viminale wizara ya mambo ya ndani, pita tu. Celio kina kivuli kizuri.

Ndala yangu ya kushoto ilikatikia Celio. Vile vijiwe vya barabarani havina huruma, vaa raba. Maji usinunue: mabomba ya chuma yako mitaani kote, ziba mdomo wa bomba kwa kidole na maji yatarukia juu kwenye tundu dogo, unakunywa bila kuinama.

Esquilino nilikipanda siku ya pili. Nenda asubuhi, sokoni karibu na Piazza Vittorio, ukiwa na njaa. Kuna bamia, ndizi za kupika, pilipili za kwetu. Nilinunua mihogo kilo mbili kwa furaha, nikakumbuka nikiwa mlangoni kwamba chumba nilichopanga hakina jiko.