Bila chama kikubwa inawezekana

Ndugu yangu, umeandika kwamba bila pesa na tiketi ya chama kikubwa mtu asijisumbue kugombea. Mtazame John Paul Mwirigi wa Igembe Kusini, Meru, nchini Kenya. Mwaka 2017 alikuwa na miaka 23, bado mwanafunzi wa chuo kikuu, mgombea huru (asiye na chama), hana gari. Alizunguka kijiji kwa kijiji kwa miguu, akamshinda mgombea wa Jubilee, chama tawala cha wakati huo, katika eneo lililokuwa ngome ya Jubilee. Ubunge akauchukua.

Waliombeba ni watu wa kawaida, waendesha bodaboda wakiwamo. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaanza na mabango na fulana miezi miwili kabla ya kura, wakati kazi yenyewe ni kujulikana mapema, kukaa na watu na kusikiliza shida zao kabla hujaomba lolote.

Sheria nayo ina uzito wake. Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu mgombea huru wa ubunge akiungwa mkono na wapiga kura 1,000 wa jimbo lake. Kwetu Tanzania mlango huo bado umefungwa, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishaamua mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo linakiuka haki. Linaniuma sana hilo.

Mwaka 2022 Mwirigi alirudi bungeni kwa tiketi ya chama kikubwa, UDA. Wapo waliosikitika, lakini ile kura ya kwanza aliipata bila chama chochote.