Jibu: Mwanafunzi wa uhandisi aanzie wapi kwenye kwanta mekanika?

Mkuu, umeuliza kama mtu wa uhandisi wa umeme mwaka wa tatu anaweza kuielewa kwanta mekanika (fizikia ya vitu vidogo kama elektroni) bila kurudi kusoma fizikia upya, maana somo la semikondakta limekukaba. Inawezekana, na mtaji unao tayari. Mimi nilipita njia hiyohiyo, sasa nafanya kazi za sola.

Paka wa Schrödinger, yule wa kufikirika anayesemwa yu hai na amekufa kwa wakati mmoja, mweke kando kwanza. Wadau waliotangulia wamemjaza humu, ila Schrödinger mwenyewe alimleta mwaka 1935 kuonyesha tafsiri ya wenzake inavyoishia kwenye kichekesho, si kumfundisha mtu kukokotoa. Ubishi mtamu, lakini hautakuvusha kwenye mtihani.

Anzia kwenye mawimbi na signali. Hapo wewe huanzi sifuri. Ulishafundishwa kwamba pigo fupi la signali hula bendi pana, na ukitaka bendi nyembamba lazima pigo lirefuke. Hiyo ni hesabu tupu ya Fourier. Sasa penye muda weka mahali, penye masafa (frikwensi) weka namba ya wimbi k, halafu zidisha k kwa ħ (namba ya Planck iliyogawanywa kwa 2π) upate momentamu. Kanuni ya Heisenberg ya 1927, kwamba mahali na momentamu haviwezi kubanwa vyote kwa pamoja, unayo mkononi, na hatujataja kifaa chochote "kinachoisumbua" elektroni. Hata elektroni ikifika mahali ambapo nishati ya potensheli inapanda ghafla, sehemu ya wimbi inarudi na sehemu inapita, hesabu ileile ya laini ya masafa ya juu iliyofungwa mzigo usiolingana nayo.

Kisha kompyuta, na usisubiri umalize nadharia. Chukua kisanduku chenye upana wa nanomita 1, kigawe vipande 200, andika mlinganyo wa Schrödinger kama matriksi: 2 kwenye mshazari mkuu, -1 kwenye mishazari miwili ya pembeni, vyote mara ħ²/2mΔx² (m ni masi ya elektroni, Δx upana wa kipande kimoja). Iambie Octave au Python itoe aigenivalyu za matriksi hiyo; ndizo ngazi za nishati ambazo elektroni inaruhusiwa kuwa nazo. Zitatoka karibu 0.376, 1.50 na 3.38 eV (elektronivolti, kizio cha nishati), yaani uwiano wa 1, 4, 9. Sasa panga visanduku kadhaa kwa mstari, katikati yake weka kuta nyembamba zenye urefu wa eV chache. Kila ngazi inapasuka kuwa ngazi nyingi zilizobanana, na kati ya kundi na kundi panabaki pengo. Hizo ndizo bendi za nishati ambazo mwalimu huzichora ubaoni kama zimeshuka kutoka mbinguni! Pengo la silikoni ni 1.12 eV, ndiyo maana mwanga wenye urefu wa wimbi unaozidi nanomita 1100 hivi paneli ya sola haiugeuzi umeme, hata ukiisafisha namna gani.

Ukitaka kugusa kwa mikono, tafuta LED nyekundu na ya bluu (nyeupe usichukue, nyingi ni bluu iliyopakwa fosfa), rezista ya kiloohm 1, potenshiometa na mita. Zima taa chumbani, pandisha volti taratibu, andika pale LED inapoanza kung'aa kidogo tu. Nyekundu ya nanomita 630 huanza karibu na volti 1.75, bluu ya 470 karibu na 2.5. Zidisha volti kwa chaji ya elektroni na urefu wa wimbi, gawa kwa kasi ya mwanga: unapata karibu 6 × 10⁻³⁴. Namba ya Planck ni 6.626 × 10⁻³⁴. Jibu linapungua kwa sababu joto la chumba huzisukuma elektroni chache kabla volti haijafika kwenye pengo kamili.

Somo la kupenya kizuizi, yaani elektroni kupita ukuta ambao nishati yake haitoshi kuuvuka, usiliruke. Flashi unayobebea mitihani ya miaka iliyopita inafutwa kwa elektroni kupenya oksidi yenye unene wa nanomita chache.

Atomu ya haidrojeni soma matokeo, ukokotoaji wake wote hauna haraka. Spini (sifa ya elektroni inayofanana na kujizungusha) vivyo hivyo. Mihadhara ya MIT ya kozi ya 8.04 iko bure mtandaoni, pakua usiku bando likiwa rahisi.

Matriksi ikikugomea, weka programu yako hapa tuione, na utaje vizio ulivyotumia. Wengi wanaokwama wamechanganya joule na eV.